Mzee Gerson Mayala na Kitalu Kisichoguswa

Bwana Gerson Mayala, Msaidizi wa Misitu katika kituo chetu cha Mwalukasa, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Tarehe hizi zimehakikiwa kwenye jalada lake mara tatu, kwa sababu zitasomwa mbele yake, naye ni mtu wa kusahihisha.

Aliajiriwa mwaka 1991. Mwaka uliofuata alipima vitalu vitatu vya miyombo kando ya njia ya kale ya misafara, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Tabora mjini. Kimoja kilipangwa kuchomwa kila Juni, majani yakiwa bado na ubichi na moto ukitambaa chini. Cha pili kila Oktoba, wakati kila kitu kimekauka. Cha tatu kisichomwe kamwe. Swali lilikuwa moja: moto unaipa nafasi mimea ya asili, au mimea vamizi? Mvamizi wetu mkubwa ni lantana, kile kichaka cha maua madogo kilichopandwa zamani kuzunguka nyumba, kisha ndege wakakipeleka msituni.

Kila Machi alizungushia vitalu kamba ya katani, akapiga magoti, akahesabu shina moja moja. Dukani kwa Mustansir, alikonunua kamba, aliulizwa kila mwaka kama msitu unataka kutoroka hata aufunge. Bi Consolatha, mfuga nyuki mwenye mizinga jirani na vitalu, humwamkia shikamoo, kisha humwomba akimaliza majani amhesabie na nyuki.

Ni kazi ya kuchosha, na hakuna haja ya kuipamba siku ya leo. Magoti yake yameharibika. Ripoti nyingi alizotuma hazikujibiwa. Miaka mingine pikipiki ya kituo haikuwa na mafuta. Hakuwahi kutuambia kwamba kazi hii inapendeza. Alituambia tu kwamba mwaka usiohesabiwa haurudi.

Hesabu hizo zimetufundisha mengi. Katika kitalu cha Oktoba moto mkali uliua miti mikubwa, mwanga ukaingia, na lantana ikafuata mwanga. Katika kitalu cha Juni miyombo imesimama. Miche ya mninga huungua juu kila mwaka, mizizi ikabaki hai, hadi mwaka ambao shina linakuwa nene kiasi cha kustahimili moto. Kwa ushauri wake vijiji vinne jirani sasa huchoma mapema na kung'oa lantana ingali changa.

Lipo jambo moja ambalo jalada lake linalieleza vibaya.

Ramani ya ofisi huhesabu vitalu kuanzia upande wa reli. Walinzi wa msitu, ambao ndio huwasha moto, huhesabu mawe ya mipaka kuanzia njia ya misafara. Kwa hiyo Mzee Mayala hakuandika namba kwenye kibali cha kuchoma hata siku moja. Aliandika majina: cha Juni, cha Oktoba, Kisichoguswa. Juni 2021 alikuwa hospitali ya Kitete akimuuguza mke wake, Mama Levina. Karani mwenye wiki tatu kazini aliandaa kibali kwa kufuata ramani, akaandika "Kitalu Namba 1", akampelekea hospitalini. Mzee alisaini kwenye benchi la wodi, akili yake ikiwa kitandani kwa mgonjwa. Namba moja ya ramani ni kitalu cha Juni. Namba moja ya walinzi ni Kisichoguswa.

Majani makavu ya miaka ishirini na tisa yalikuwa yamelala pale. Moto ulipanda hadi vileleni.

Kikao cha uchunguzi kilipouliza nani aliandaa kibali, Mzee Mayala alijibu, "Saini ni yangu. Andikeni Mayala." Akapewa onyo la maandishi. Kwa sababu ya onyo hilo, jina lake liliondolewa mara tatu katika orodha ya wafanyakazi bora.

Mvua za kwanza zilipokuja, alimchukua yule karani hadi kwenye majivu. Akakigawa kitalu nusu kwa nusu kwa kamba: upande mmoja ang'oe lantana ikichipua, mwingine auache. Karani alishika daftari akashindwa kuandika. "Usilie kwenye daftari, mwanangu," alimwambia, "wino utafutika. Hesabu." Leo upande ulioachwa una lantana ya kufika kifuani. Upande wa pili nyasi za asili zimerudi, pamoja na miche sitini na mitatu ya mninga.

Karani huyo ni mimi, Recheli Benjamini, niliyeandika wasifu huu. Nimenyamaza miaka minne kwa kuogopa kupoteza kazi, na bado naogopa. Jumatatu iliyopita nilimwandikia Mkuu wa Kituo, nikaeleza nani aliandaa kibali kile na kwa kosa gani, nikaomba onyo liondolewe kwenye jalada la Bwana Mayala kabla hajakabidhi ofisi. Mpaka wasifu huu unapigwa chapa, jibu halijatoka. Mzee aliposikia alinikataza. Alisema yeye anaondoka na onyo halimdhuru tena, ila mimi ndiyo kwanza naanza. Nilimwitikia kwa heshima zote, na kwa mara ya kwanza sikumtii.

Mzee Mayala, wenzako tunakushukuru kwa kila Machi uliyopiga magoti. Tunakuombea wewe na Mama Levina afya na mapumziko ya kweli nyumbani Igunga, na uondoke hapa na jina safi lile lile uliloingia nalo mwaka 1991.