Sahani ya Juu ya Paa: Marehemu Madhuben Girish

Wasifu huu unasomwa kwa Kiswahili, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza, ili majirani zake wa Kariakoo wasikae tu wakitazamana. Anausoma binti yake, Tanvi.

Madhuben alizaliwa tarehe 11 Machi 1948, Mtaa wa Msimbazi, juu ya duka la vitambaa la baba yake. Alisoma hapa hapa mjini hadi darasa la nane, akatolewa shule ili kaka zake waendelee. Jambo hilo lilimuuma mpaka uzeeni, na alikuwa akilisema. Akaingia dukani kupima vitenge.

Mwaka 1970 aliolewa na Girish, fundi saa, wakajaliwa watoto wawili, Jeet na Tanvi. Waliishi Kariakoo, nyumba ya ghorofa moja yenye paa la zege. Bwana Girish alifariki Aprili 2003.

Kwa mila yetu ya Kihindu, kila mwaka kuna majuma mawili, mara nyingi Septemba, ya kuwalisha waliotangulia. Chakula huwekwa juu ya paa. Kunguru akila, marehemu amekula. Mwaka uliofuata kifo cha baba, Mama aliweka wali wa maziwa na puri, vile vimkate vya kukaanga, kunguru wakajipanga ukutani. Mara mwewe akashuka, akazoa puri, akaenda zake. Kuhani alisema mwewe hahesabiki. Mama akamjibu, "Huyo ni Girish. Lini alikaa foleni?" Tangu hapo, kipupwe kikiisha na mwewe wakirudi kuzunguka juu ya soko, alitangaza kuwa baba yuko njiani, akaenda kununua unga.

Mwaka 2021 Jeet aliivunja nyumba ajenge jengo la ghorofa nane. "Mama, kaa Upanga kidogo tu. Likiisha, paa lote lako." Jengo liliisha. Paa likakodishwa kwa minara ya simu, mlango ukatiwa kufuli. Kule Upanga Mama aliweka sahani barazani. Jeet akafunga wavu. "Ndege wanachafua, Mama. Majirani wanalalamika." Mwewe wakawa wanapita nje ya wavu, naye anawatazama. Inauma, na haitaacha kuuma.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2024, na Septemba hii akalazwa. Bi Shamsa, jirani yake wa Kariakoo miaka yote, alimpigia simu: "Mama Jeet, wageni wako wamerudi. Wamejaa sokoni huku!"

Mama akamgeukia Jeet. "Umemwekea baba yako?"

"Nimeweka."

"Kala?"

"Kala, Mama."

Mama akatabasamu. Alifariki alfajiri ya tarehe 16 Septemba 2025, ndani ya majuma yale yale mawili.

Hakuna sahani iliyowekwa. Binti yake alipomuuliza Jeet, alijibu, "Sasa ningemwambiaje?" Angepanda ngazi. Ufunguo wa paa anao yeye.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na Bi Shamsa, ambaye hakuwahi kumdanganya. Mwakani ni zamu ya Mama kuwekewa chakula, na kwa mila mwenye kumwekea mama ni mtoto wa kiume. Mwewe watarudi, maana wao hawajawahi kukosa. Mtoto wa kiume amekaa mstari wa mbele, na ufunguo uko mfukoni mwake.

Mama yetu apumzike kwa amani, na asilale njaa.