Mashine Iliyonipa Tezi Dume

Mwakeye, mama zangu na dada zangu. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi kabla hatujaingia kwenye mambo ya umoja wetu. Mnanijua. Ndimi ninayeanika dagaa kule mwisho wa vichanja, hapa hapa Kibirizi, na domo langu mnalijua pia. Leo nalitumia kujisema mwenyewe, na kumsema mtu mmoja ambaye jina lake silitaji. Si kwa heshima. Hastahili tu kutajwa mbele ya watu wenye kazi zao.

Maumivu yalianzia huku kulia, chini ya mbavu. Yalikuja nikishakula, hasa nikila samaki wetu mgebuka wa kukaanga, yakapanda mpaka begani. Nikilala chali yapo, nikilala kifudifudi yapo. Nikaenda hospitali. Wakati ule nilikuwa na kikohozi cha moshi wa jikoni, kwa hiyo daktari akaanza na eksirei ya kifua. Nikasimama, nikavuta pumzi, picha ikapigwa. Majibu yalipotoka akaniambia, "Mama, kifua ni safi. Wiki ijayo rudi tuangalie tumbo."

Mimi nilisikia neno moja tu: safi. Lile la tumbo lilipita kama upepo. Nikarudi nyumbani Bangwe natangaza kwa kila jirani kwamba nimepigwa picha na sina ugonjwa. Nilidhani eksirei ikishapiga imeona kila kitu, kuanzia utosi mpaka unyayo. Mtu mzima mimi, mama wa watoto wanne! Wiki ikapita, sikurudi. Maumivu yakaja kwa nguvu zaidi, nikasema hawa wa hospitali hawajui kitu.

Ndugu zangu, nawaambia, ukishaanza kusema hivyo kuna mtu mahali fulani amekaa anakungoja. Wangu alikuwa kule mtaa wa Mwanga, karibu na soko. Alivaa koti jeupe lililonyooshwa vizuri, na shingoni ananing'iniza kile chombo cha kusikilizia moyo. Sikumwona akikitumia hata mara moja. Mezani ana kompyuta, na waya umeunganishwa na kijiti cha chuma. Akaniambia, "Shika hiki, mama, tulia dakika moja. Kinapima mwili mzima."

Nikashika. Kwenye kompyuta ikawa inapanda na kushuka mistari ya rangi, nyekundu, kijani, na mimi nimetoa macho. Karatasi ikatoka. Magonjwa kumi na tisa! Ini limechoka, figo zina sumu, ubongo unakosa damu, mifupa imekauka. Nikamuuliza, "Mbona hospitali hawakuyaona haya?"

Akacheka. "Hospitali wanapima kimoja kimoja. Mimi napima vyote."

Na mimi, badala ya kusimama na kuondoka, nikaona huyu ndiye mwenye akili. Dawa alikuwa nazo yeye mwenyewe kwenye makopo, unga wa kijani. Nikanywa miezi miwili. Nilikonda, na ngozi ikaanza kuniwasha. Nilipompigia simu aliniambia hiyo ni sumu inatoka. Nikafurahi! Nimekaa najikuna kama mbwa, na nafurahi.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, muuza vitenge wa Ujiji. Alikuja kunijulia hali, akaiona ile karatasi, akaanza kuisoma kwa sauti. Akafika mahali akaisogeza karatasi karibu na macho. Akarudia, "Tezi dume: imevimba kiasi." Akaniangalia. "Wifi, hii tezi dume unayo wapi?"

Wale msiojua, hiyo ni tezi ya wanaume. Mwanamke hana. Mnacheka, na sisi tulicheka mpaka ubavu ukanikata nikainama. Niliponyanyuka wifi hakuwa akicheka tena. "Geukia mlangoni," akasema. "Mbona macho yako yamekuwa ya njano?"

Tukampigia yule bwana, simu ikiwa kwenye spika. Wifi akamuuliza habari ya tezi. Mnajua alijibu nini? "Mashine haikosei. Wapo wanawake wanayo, hawajui tu."

Sikuwa na hasira, nawaambia kweli. Hasira unamwekea mtu. Nilisikia kinyaa, kwake na kwangu, maana miezi miwili nilikuwa nimeukabidhi mwili wangu kwa kitu kile. Siku hiyo hiyo tukaenda hospitali, nikalazwa. Wakapima damu, wakapima mkojo uliokuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Nesi akasema kesho asubuhi ni utrasaundi ya tumbo, nisile chochote.

Safari hii niliuliza. Nilimuuliza yule dada wa utrasaundi, kijana mwenye sauti ya upole, kwa nini nisile. Akasema, "Ukila, kifuko cha nyongo kinajikunja, sitakiona vizuri." Akanipaka ute wa baridi tumboni. Nikauliza tena kama mionzi yake inachoma, maana hapa hapa kwenye vichanja kuna watu walinijaza maneno kwamba ukipigwa hiyo kizazi kinaungua. Mpo, nawaona, mmeangalia chini.

"Hii haina mionzi, mama. Ni sauti ambayo sikio halisikii. Inaingia, inagonga, inarudi, ndiyo inachora picha."

"Na eksirei yangu ilisema niko safi."

"Ilisema kifua ni safi. Na mawe ya nyongo mara nyingi eksirei hata haiyaoni." Akanigeuzia kioo cha mashine. Mahali palipokuwa peusi kulikuwa na vitu vyeupe kama kokoto, na nyuma ya kila kimoja kivuli. "Haya ndiyo yanayokuuma. Na moja limeteleza, limeziba mrija. Ndiyo maana macho yamekuwa ya njano."

Nililia. Ugonjwa mmoja tu, una jina, una mahali pake, nauona kwa macho yangu. Nikafanyiwa upasuaji. Leo nakula, ninalala, nabeba ndoo zangu mwenyewe.

Nawashukuru madaktari, na yule dada aliyejibu maswali yangu bila kuniona mjinga. Namshukuru wifi kwa kusoma karatasi ambayo mimi niliiabudu. Nawashukuru ninyi mlioanua dagaa wangu mvua zilipokuja nikiwa wodini. Yule wa Mwanga bado yupo, na foleni yake bado ndefu. Siwezi kuivunja. Ninyi nawaomba kitu kimoja: mkiandikiwa kipimo, ulizeni kinaangalia nini, hakioni nini, na mjiandae vipi. Asiyeweza kuwajibu hayo, mwachieni kijiti chake.

Na wewe mama uliyekaa pale karibu na mlango, umeshika ubavu tangu nianze kuongea. Sijui una nini, na sitajifanya najua. Lakini kesho asubuhi usinywe hata chai. Nitakupitia, tunakwenda wote.