Basetsana Ramasedi, Aliyefunga Maabara Saa Kumi na Nusu

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake, historia hii nimeiandika mimi mumewe, Tshenolo Ramasedi, na anayewasomea ni Oteng, mdogo wa marehemu, kwa kuwa kwetu mfiwa hukaa, hasomi.

Basetsana alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Molepolole, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Keabetswe Ntsima na marehemu Bi. Mmaserame, akasoma shule ya msingi na sekondari hapa hapa, kisha mwaka 1988 akaingia chuo kikuu Gaborone, alikohitimu shahada ya kemia mwaka 1992, na ndiko tulikofahamiana, katika darasa ambalo yeye peke yake alikuwa akirudia hata jaribio lililofaulu.

Februari 1993 aliajiriwa na Maabara ya Maji ya Lentswe, akawa mkuu wake mwaka 2004. Tulifunga ndoa tarehe 9 Desemba 1995, baada ya ng'ombe wa mahari kufika katika boma hili, na Mungu akatujalia watoto wawili, Wame mwaka 1998 na Pako mwaka 2002.

Kazi aliipenda kupita kiasi, nami nalisema hili kwa ridhaa yake, maana aliniomba nisilifiche siku hii. Aliingia maabara kabla ya walinzi kubadilishana zamu, Jumamosi na Jumapili zikawa siku za kazi, na kwa kuwa mkuu hakuondoka, hakuna aliyethubutu kuondoka. Watu wake walianza kuugua kichwa na tumbo bila sababu, wakagombana kwa mambo madogo, na msaidizi wake, Onalethata, alisinzia akiendesha gari, akaingia kwenye uzio wa ng'ombe njia ya Mochudi, kesho yake akaripoti kazini na plasta usoni, akapongezwa.

Julai 2011 mama yake alifariki. Kama mjuavyo, kila jioni kabla ya maziko tunakusanyika kwa mfiwa kusali, na jioni moja huachiwa wafanyakazi wenzake waongoze, na jioni ya maabara ilikuwa Jumatano. Jua lilizama, baridi ikaingia, wasichana wakaanza kukusanya viti, na Mjomba Rantao, kaka wa marehemu mama, akawakataza.

“Hakuna anayeondoka, mfiwa hajafika.”

Basi boma zima likakaa ndani ya mablanketi hadi magari ya maabara yakaingia, Basetsana mbele, watu wake nyuma, wengine wangali na makoti meupe.

“Karibu, mpwa wangu,” Mjomba akasema. “Leo ulikuwa unamfanyia nani kazi?”

“Mjomba, nisamehe. Maji ya watu hayasubiri.”

“Kweli, hayasubiri. Mama yako ndiye anayesubiri, hana haraka tena.”

Watu waliinama, wengine wakaficha kicheko. Wimbo ukaimbwa, kisha Onalethata akaitwa aongoze sala, akaitwa tena, na tulipogeuka tukaona amelala kitini, kidevu kifuani, na jirani yake amelala begani pake, na mstari mzima wa maabara, watu wazima wenye shahada, wamelala mbele ya meza yenye picha ya marehemu na maua.

“He! Hawa wamekuja kusali au kufa?” akauliza shangazi mmoja, na boma likaangua kicheko.

Basetsana alinyanyuka kwenda kuwaamsha, Mjomba akamshika mkono.

“Waache. Nyie kina mama, wafunikeni. Sala nitaongoza mimi.”

Wakafunikwa kwa mablanketi ya marehemu mama, mmoja mmoja, nao hawakuamka, na Basetsana akabaki amesimama akiwatazama, akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Jumatatu iliyofuata maziko, saa kumi na nusu jioni, alizima taa za maabara, akasimama mlangoni.

“Bosi, umetufukuza?” Onalethata akamuuliza.

“Nendeni nyumbani.”

“Kufanya nini sasa?”

Wiki ile wote wawili walionekana wamekaa ndani ya magari yao kwenye maegesho, hawajui pa kwenda. Walijifunza polepole. Ukame mkubwa ulipokuja akarudi kwenye Jumamosi zake, na safari hii watu wake ndio waliomfuata kumtoa, Onalethata akamwambia, “Mama Wame, toka humo, au tunakuja kulala tena kwenu,” akatoka akicheka.

Mwili, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kudai chake. Mwaka 2012 madaktari walikuta shinikizo la damu lililoachwa bila dawa kwa miaka mingi limeharibu figo, wakaogopa hatamwona Pako akimaliza sekondari, naye alimwona, akamwona Wame akiolewa, akajifunza kupika uji mzito wa mtama usioungua. Kuanzia 2020 alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumapili tarehe 18 Agosti 2024, asubuhi, nyumbani Gaborone, alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani wa kata hii mliopika, mkateka maji na kuchimba kaburi, na Mjomba Rantao, aliyefika kwa fimbo mbili. Wenzake wa maabara, asanteni, mmekuja na watoto wenu, nasi tumewajua kwa majina, na nimeambiwa zipo sampuli zilizoingia jana jioni. Zitapimwa Jumatatu.

Basetsana, mke wangu, ulijifunza kupumzika ungali hai, pumzika sasa kwa amani.