Tubaki au Tuhame: Risala ya Wapangaji wa Nyumba ya Ngazi kwa Meneja wa Laini Yao

Mgeni rasmi, Bwana Meneja wa kampuni ya simu ambayo laini yake iko mfukoni mwa kila mtu humu ndani. Wasaidizi wako mliobeba cheti na yale maboksi. Mama mwenye nyumba. Na nyinyi majirani wa nyumba ya pili mnaojifanya mnaanika nguo huku shingo zote ziko kwetu:

Sisi wapangaji wa nyumba hii tunakusalimu kwa pamoja. Ukiona tunasalimu kwa kelele, usidhani tuna hasira. Ni mazoea ya kuongea na simu zako.

UKARIBISHO

Tuliposikia kwamba kampuni yako imetuchagua kuwa Nyumba ya Wateja Waaminifu, tulicheka kwanza, kisha tukaoga. Fundi bomba wa chumba cha chini, ambaye mara ya mwisho kuvaa shati lenye vifungo vyote alikuwa anaoa, leo amefunga mpaka cha shingoni, na ndiyo maana anakutazama kama mtu anayezama. Usimjali, anapumua.

Tunaomba radhi kwa kukukalisha kwenye ngazi. Ukumbi hatuna, na huko vyumbani hatukuthubutu kukuingiza, maana simu yako ingezimia mfukoni na ofisini wangedhani umeacha kazi. Hapa ulipokaa, ngazi zinapokata kona na dirisha linatazama mnara wako, ndipo mahali pekee katika nyumba nzima ambapo laini yako inapumua. Kwa hiyo tumekupa kiti cha enzi. Sisi wenyewe hupanga foleni kukipata.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji tunaumwa kidogo, umekuja wakati mzuri.

TULIKOTOKA

Zamani, mgeni rasmi, hapakuwa na anayejua siri ya kona hii. Mtu alikuwa akisema "haloo" chumbani, sauti inatoka nje, inazunguka mtaa, inaulizia njia, inarudi imechoka na kumkuta mwenyewe amelala. Kunguru aliwahi kutua kwenye antena ya paa letu, akakaa, akatikisa kichwa, akashuka kwa ngazi kama mtu mwingine yeyote kwa kuwa hewani alikuwa hapaamini tena. Asiyesadiki amuulize fundi bomba. Walipishana mlangoni.

Kona iligunduliwa na mshona mapazia wa ghorofa ya juu. Alikuwa anapandisha robota la mapazia ya hoteli, mara simu ikalia kifuani mwake, kitu ambacho hakikuwahi kutokea tangu ainunue. Kwa mshtuko aliliachia robota. Robota likateremka, likamzoa fundi bomba aliyekuwa anapanda, likamtoa mpaka barabarani akiwa amejifunika kama dirisha la chumba cha wageni. Wa kwanza kumwona alimpigia saluti. Mshona mapazia hakuona hayo. Alikuwa kwenye kona akipiga kelele: "Inasikika! Jamani, njooni, inasikika!"

Tangu hapo tukajiwekea utaratibu. Mshona mapazia alitushonea vifuko kwa vipande alivyobakiza, kila mpangaji na rangi yake, tukavitundika kwenye kishikio cha ngazi, hapo nyuma ya bega lako la kulia. Simu zote zinashinda humo. Mmoja wetu anakaa zamu, anapokea, kisha anaita juu au chini kwa sauti: "Kinyozi, mteja! Mshona mapazia, dada yako!" Na tukawa na adabu ya ngazi, ambayo kila mpangaji mpya hufundishwa kabla ya kuonyeshwa choo: mpokea zamu haulizi shida ya mtu. Anachukua maelekezo ya njia tu, basi. Shida ni ya mwenye simu.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi na mengine hayasomeki mbele ya wasaidizi wako.

Kwa kifupi, hakuna tena mtu anayegombana peke yake humu ndani. Ukikata simu umenuna, kuna mkono wa kukupokea na mwingine wa kukusukumia kikombe. Mshona mapazia na dada yake walinuniana kwa muda mrefu kwa sababu ya cherehani ya marehemu mama yao. Wamepatana hapa hapa, kwa kuwa kila mara dada alipopiga kumtukana alipokelewa na fundi bomba, ambaye hukaribisha watu kwa heshima mno, na matusi yakawa yanaisha nguvu kwenye salamu.

Mama yake kinyozi hatujawahi kumwona kwa macho. Yuko mbali. Lakini anatujua sote kwa vikohozi. Akisikia mmoja anakohoa nyuma anauliza, "Huyo ni nani, wa juu au wa chini? Mwambieni aache maji ya baridi." Na tunaacha.

Tuna harusi moja iliyoanzia kwenye ngazi hii. Tuna pia uchumba mmoja uliovunjika vizuri.

KILICHOTUKWAZA

Hapa, mgeni rasmi, tunaomba utegee sikio, hata kama soda imefika.

Miongoni mwetu yuko mkunga. Chumba chake ni kile cha mwisho ukishuka, chenye pazia la bluu. Wengi wa mtaa huu, pamoja na mmoja wa wasaidizi wako ambaye mama yake ametutajia jina lake, walipokelewa duniani na mikono yake. Namba yake haihitaji kuandikwa. Wanawake wanaijua kwa moyo kama njia ya nyumbani. Hata aliyepotelewa na simu yake, uchungu ukianza, anaazima ya jirani na vidole vinakwenda vyenyewe.

Kifuko chake kilikuwa cha manjano.

Siku moja mshona mapazia alivifua vifuko vyote, Mungu ambariki kwa usafi, na vilipokuwa vinakauka simu zikatumbukizwa kwenye chochote kilichokauka mapema. Ikalia simu ndani ya manjano. Zamu ilikuwa ya fundi bomba. Akachukua maelekezo ya njia, akaita, "Mkunga, mbio!" Mkunga akaondoka na mkoba wake. Punde kikalia kijivu, kifuko cha kinyozi. Fundi bomba akachukua maelekezo, akaita, "Kinyozi, mbio!"

Mkunga akaingia kwenye nyumba iliyojaa wanaume waliovaa suti. Katikati amekaa kijana jasho linamtiririka.

"Uchungu umeanza lini?" akauliza huku akinawa mikono.

"Uchungu bado, mama," akajibu yule kijana. "Mimi ndiye bwana harusi. Kwa sasa nina woga tu."

Huku kwingine kinyozi alipokelewa na mama mkwe mkali wa mzazi, akatandaza kitambaa, akawasha mashine.

"Mwenye nywele yuko wapi?"

"Mwenye nywele bado hajatoka!" akafoka mama mkwe. "Na wewe ni nani?"

Kinyozi akaazima simu, akapiga namba ya mkunga. Huku kwenye ngazi kikalia kijivu. Fundi bomba akapokea kwa heshima zote.

"Kinyozi hayupo, ametoka kikazi."

"Kinyozi ni mimi!"

"Ah, basi umeshajipata. Nikusaidie nini?"

Wakati hayo yanaendelea, mkunga, ambaye akili yake hutembea kwa miguu minne, alishajua kilichotokea, akaazima simu na kumuuliza fundi bomba kinyozi ameelekezwa wapi. Bwana harusi akamwambia, "Mama, panda gari langu." Basi mkunga akafika kwa mzazi ndani ya gari la maua na riboni, honi zikilia, watoto wakilikimbilia, akakuta kinyozi amemshika mama mkwe mkono, na haijulikani nani alikuwa anamtuliza nani. Mtoto akatoka salama, wa kike. Mtaa mzima unamwita Bi Harusi. Kinyozi huapa kwamba alizaliwa nywele zake zimechongwa vizuri pembeni.

Tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza tunagawiwa nini. Lakini mkunga alicheka kidogo tu, kisha akatoa simu yake kwenye kifuko. Alisema yeye hatulaumu, vifuko havina macho. Jioni yake tukamwona anaburuta godoro kutoka chumbani, analiegesha hapa kwenye kona, kichwa ngazi ya juu na miguu ngazi ya chini, simu shavuni. Tangu siku hiyo hapa ndipo analala. Kitanda chake kiko kule ndani, kimetandikwa. Sisi tunampita kwa vidole vya miguu, na yeye hujifanya haamki.

Mgeni rasmi, mkunga wetu si msichana.

TULIVYOBISHANA

Ndipo wakaja wale wa kampuni nyingine, wa miavuli ya kijani. Dada wao wakala akaingia na simu yenye laini yao mpaka kwa mkunga, akaiweka juu ya mto wa kile kitanda, akatoka nje, akapiga. Ikalia. Ilikuwa mara ya kwanza simu kulia kwenye chumba kile. Fundi bomba alisimama akadhani ni king'ora cha moto.

Usiku haukuingia kabla hatujaitisha mkutano.

"Jamani, tunangoja nini?" kinyozi alianza. "Hii laini yetu ni kama shemeji mlevi. Unampenda, lakini humtumi dukani."

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema mshona mapazia.

"Wewe shangazi limeshakula miguu yote miwili, na bado unalitetea!"

"Na wewe kipya kinyemi ingawa kidonda! Mkipata mtandao vyumbani, kila mtu atajifungia na simu yake. Atakayeniuliza kama nimeamka ni nani? Mnara?"

Hilo lilikuwa neno. Fundi bomba akasema yeye anakubaliana na wote wawili. Kinyozi akamuuliza kama yeye ni bomba au njia panda.

Hapo ndipo mkunga akazungumza. "Wanangu, mimi ngazi hainisumbui. Mkitaka kubaki, tubaki wote." Akainuka aende zake, akashika kishikio, kiuno kikamgomea katikati. Akasubiri. Sote tukatazama dari kana kwamba kuna kilichoandikwa pale. Kiuno kilipomruhusu akashuka taratibu, na kinyozi, aliyetaka kuhama kuliko wote, akaketi. Hakuna aliyebishana tena. Ikabaki kujua tu mkunga atapata vipi mtandao wa kitandani bila kupoteza namba ambayo akina mama wanaijua.

Tumeambiwa mtu anaweza kuhama na namba yake ileile, mradi kampuni ya zamani imwachie. Mkunga ameshafika kwenye dirisha lako la huduma zaidi ya mara moja. Kila akifika, kijana wa dirishani humjibu kwa tabasamu: "Mama, mteja mzuri kama wewe tutamwachiaje?" Kisha humpa mwavuli. Mgeni rasmi, tunashukuru. Nyumba hii haitalowa tena mpaka kiama. Lakini mwavuli hauiti mkunga.

OMBI

Wenzetu wengine wakisoma risala huomba barabara, kisima na gari. Sisi tuna ombi moja.

Mwachie mkunga aende na namba yake.

Sisi wengine tunabaki. Tumekubaliana bila hata mmoja kununa, na kinyozi amenyoosha mikono yote miwili. Tutabaki na kona yetu, na vifuko vyetu, na mama yake kinyozi na dawa zake za kikohozi. Cheti chako tutakitundika hapo dirishani, ila pembeni kidogo, kisizibe mnara. Tuchukue sisi rehani, yeye mfungulie.

Na kama haiwezekani, hatutakutisha, hiyo si tabia yetu. Tunataja tu, kwa ajili ya kumbukumbu, kwamba yule dada aliyeketi karibu na mlango, ambaye wasaidizi wako wamempa soda wakidhani ni mpangaji, ni wakala wa miavuli ya kijani. Ana laini za kututosha sote. Ikibidi tutahama naye mkunga sote siku hiyohiyo, na namba yake mpya tutaitangaza nyumba kwa nyumba. Fundi bomba ana sauti, ulimsikia akikukaribisha. Dada wa watu tumemwomba asifungue mkoba wake mpaka umalize hotuba.

SHUKRANI

Mwisho, huenda umekuwa ukijiuliza kile kiti kitupu kando yako ni cha nani. Ni cha mkunga. Tulimwandalia akae na wewe. Ameitwa asubuhi hii, tukiwa tunafagia ngazi, na ametoka na viatu mkononi. Alipofika hapo mlangoni akageuka akatuambia, "Mpeni mgeni maji, mpongezeni kwa kuja, na msije mkaniombea kitu."

Maji umekunywa, mgeni rasmi. Pongezi umezisikia. Hilo la tatu tumemkaidi, na akirudi akitugombeza tutakuwa tumesimama wote, tukicheka.

Mungu akuzidishie cheo na akujalie mgongo mzima. Ukirudi kwako leo, kitanda chako kikukute salama, nawe ulale fofofo mpaka kuche, bila mtu wa kukuruka.

Ni sisi wako,
Wapangaji wa Nyumba ya Ngazi, wateja wako waaminifu, mpaka utakapomaliza hotuba.