Picha Kali Anastaafu: Fundi Aliyechagua Mwendo

Ijumaa tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kazini, fundi wetu mkuu atavua koti lake la buluu na kustaafu. Wateja wanamwita Fundi. Sisi wa karakana tunamwita Picha Kali, na jina hilo alilipata kwa jasho lake mwenyewe.

Aliajiriwa kutengeneza televisheni, enzi zile ambazo televisheni ilihitaji watu wawili wa kuibeba na mmoja wa kuwafokea. Televisheni zilipokonda, akahamia kwenye kompyuta. Vijana walipoanza kuulizia kompyuta za gemu, yeye ndiye aliyeunda ya kwanza kutoka dukani hapa. Aliiwasha, akarudi nyuma kidogo, akaitazama kama bwana harusi anavyomtazama bibi harusi. Maradhi yakamwingia siku hiyo hiyo.

Tangu hapo, kompyuta kwake ilipimwa kwa ukali wa picha tu. Mteja akija kutafuta skrini ya kawaida, alishauriwa achukue ya 4K. Akilalamika kwamba kadi yake ya michoro ni ya wastani, alijibiwa, "Kizuri chajiuza." Na kweli, picha zilipendeza kama za harusi. Ubaya ni kwamba zilitembea pia kama za harusi: unatazama moja, unasubiri nyingine.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Skrini ya 4K ina nukta mara nne ya zile za skrini ya kawaida, na kadi ya michoro lazima izipake rangi zote upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja, makumi ya fremu kila sekunde. Fundi wa rangi ni yule yule, ukuta umekuwa mara nne, atachelewa tu. Picha Kali aliyajua hayo kuliko sisi sote. Lakini mapenzi na hesabu haviketi meza moja.

Mambo yalifika shingoni mwaka ule kazi ilipopungua. Meneja alitutajia wazi wawili ambao wangepunguzwa: dada wa stoo, na mimi wa kaunta ninayeandika haya. Tumaini lilikuwa moja, mama mmoja aliyekuwa anafungua ukumbi wa gemu mtaa wa pili. Alihitaji kompyuta za ukumbi mzima, na angekuja kuona kazi yetu kabla ya kuamua.

Picha Kali aliandaa kompyuta ya maonyesho kwenye skrini kubwa kuliko zote dukani. Wingi wa nukta hadi mwisho, vivuli vyote, miale yote ya jua. Ili mambo yanoge, akamwalika mkewe aje kuendesha kwenye gemu ya mbio za magari. Mkewe ni dereva wa lori, usukani anaujua.

Siku yenyewe akakaa mbele ya mwenye ukumbi na meneja, akashika usukani, akakanyaga mafuta. Barabara ilikuwa nzuri ajabu, hata kokoto ulizihesabu. Kwenye kona ya kwanza gari likaganda, likaruka, likaganda tena, likaingia ukutani. Akarudia. Ukutani.

"Baba watoto," akasema bila kugeuka, "gari lako lina breki za kesho."

Mwenye ukumbi akatabasamu kwa adabu, akachukua mkoba wake. Dada wa stoo akanishika mkono. Tukangoja hotuba, maana kuumbuliwa na mkeo mbele ya mteja na meneja si jambo dogo, na Picha Kali hajawahi kukosa la kujitetea. Badala yake akainamia kibodi, akashusha wingi wa nukta hadi ule wa skrini za kawaida, akazima na nusu ya vivuli alivyovihangaikia asubuhi nzima.

"Mama, nipe nafasi moja tu," akamwambia mwenye ukumbi. "Mimi nilikuwa nauza picha. Kumbe dereva anataka mwendo."

Namba ya fremu kwenye pembe ya skrini, iliyokuwa ikisuasua kwenye ishirini na kitu, ikapanda hadi karibu tisini. Picha ililegea kidogo, kokoto zikageuka lami. Lakini gari lilikata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mkewe akaanza kuwafokea madereva wa kwenye gemu kana kwamba wanamsikia. Hata meneja alisahau umeneja wake. Mwenye ukumbi akaweka mkoba chini.

"Nipisheni na mimi nijaribu," akasema.

Alijaribu hadi chai aliyoandaliwa ikapoa. Kazi tukapata, ukumbi mzima ukawekewa skrini za kawaida, na hakuna aliyepunguzwa.

Baada ya hapo Picha Kali alianza kuuliza kabla ya kushauri: unacheza gemu gani, skrini yako ikoje, kadi ina nguvu kiasi gani? Fundi cherehani mmoja alikuja akitaka kadi mpya, kwani alikuwa ameshusha nukta hadi chini na fremu zimegoma kupanda. "Kadi yako imekaa bure inasubiri kazi," Picha Kali akamwambia. "Anayehema ni prosesa, ubongo wa kompyuta." Wakabadilisha prosesa, gemu ikachanganya mwendo. Lakini akija mwenye kadi yenye misuli, bado humuuzia 4K kwa furaha ya mtu aliyekutana na mchumba wa zamani.

Anasema mpango wake wa kwanza baada ya kustaafu ni kulala. Wa pili ataufikiria akiamka.

Kaka, dada wa stoo leo ni mkuu wa stoo, na wanangu wamesoma kwa mshahara wa duka hili. Siku ile ulimeza kiburi chako mbele ya watu ili sisi tubaki, na hujawahi kutukumbusha, hata kwa utani, nawe kwa utani hujambo. Asante. Nenda ukapumzike, afya isikupungukie, na nyumba yako isikaukiwe kicheko. Sisi uliotubakiza tupo, karibu wakati wowote.