Maneno ya Mama Yenu Pembezoni

Sogezeni viti, wanangu, mniache niseme mpaka mwisho, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Asubuhi nikiwa nimelala humu nilimsikia mnunuzi wa vitabu vikuukuu, yule anayenunua kwa kilo, akiuliza mizani aiweke wapi, nikakusikia na wewe, kifungua mimba wangu, ukimjibu, "Beba vyote, bosi, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu." Nilikasirika, bado nimekasirika, na sitaki kufa nikijifanya sikusikia.

Nyumba mgawane sawa. Hati iko kwa mwanasheria. Shamba ni la kitinda mimba, kwa sababu ndiye anayelilima. Hayo hayana maneno. Maneno yapo kwenye vitabu.

Mama yenu hakusoma bila penseli. Alibishana na waandishi pembezoni mwa kurasa, akabishana na mimi pia, kwa kuwa alijua nitasoma baada yake na kumjibu chini ya mwandiko wake. Kwenye kitabu changu cha elimu ya udongo, kile nilichofundishia chuo kikuu, aliandika: "Hapa mwandishi alikuwa na njaa." Nikamjibu: "Na mpishi alikuwa anasoma." Ugomvi mwingi wa nyumba hii uliishia kwenye karatasi bila ninyi kujua.

Alipougua, vitabu vikawa vizito mikononi mwake, wewe kifungua mimba ukamletea tableti ya kusomea vitabu, nikakushukuru, na shukrani hiyo siifuti. Alisoma humo, akaandika humo kwa kidole. Akaniambia, "Mzee, kuna mahali nimekuandikia. Usiharakishe, utapakuta." Tukamzika. Ukasitisha malipo ya kila mwezi ya vitabu vya humo kwa kuwa msomaji hayupo, na nilipoifungua tableti sikukuta hata kitabu kimoja. Nikaipigia simu kampuni yenye vitabu hivyo. Mhudumu akaniambia kwa adabu zote, "Baba, vile vitabu havikuwa vyenu, mlikuwa mnalipia kuvisoma." Nikamuuliza, na maneno ya mke wangu je, nayo yalikuwa ya nani? Akasema mwenye akaunti apige mwenyewe. Nikamwambia mwenyewe yuko kaburini. Akaniomba nisubiri kidogo, akaniwekea muziki.

Sikulaumu kwa hilo, mwanangu. Hukujua. Lakini sasa unajua, na leo umeleta mizani.

Agizo langu ni hili: kisiuzwe hata kimoja. Gawaneni, msome, na mkiwa na la kusema andikeni chini yetu, hata kama ni kutucheka. Na watoto wenu waandike chini yenu. Vya kwenye simu zenu endeleeni kulipia, sijakataza, ila mjue kipi ni chenu na kipi mmeazimwa.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Mungu awape macho mazima, awape na watu wa kubishana nao mpaka uzeeni. Msichukiane kwa ajili yangu.

Kitinda mimba, nipe kile chenye jalada jekundu, hapo kwenye kimeza. Ndicho cha mwisho alichoshika kabla mikono haijamshinda. Fungua katikati. Unaona? "Mimi nimeishia hapa. Wewe umefika wapi?" Sijamjibu. Kila nikishika penseli... Hapana, vidole havishiki tena. Kifungua mimba, njoo. Shika wewe. Andika chini yake, taratibu, mama yako hakupenda mwandiko wa haraka. Andika: nakaribia.