Bibi Samadi na Shamba la Nyuma ya Karakana

Ndugu waombolezaji, marehemu bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Samadi naye akaitika bila kununa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, binti wa mfinyanzi, akasoma hadi darasa la saba, kisha akapika katika bweni la shule hadi alipostaafu mwaka 2006.

Mwaka 1973 aliolewa na babu, fundi wa betri za magari, wakajaliwa watoto wanne, na babu alipofariki mwaka 2009 alimwachia kishamba nyuma ya karakana, bibi akapanda mchicha wa kutulisha, mpaka mtaalamu wa udongo alipopima akakuta madini ya risasi, sumu iliyotokana na betri za babu, akamwambia, mama, mboga hii msile.

Bibi hakumlaumu babu, alisema tu mzee kamwachia kazi, akaanza kuchanganya udongo na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, kwani mtaalamu alimweleza kuwa samadi haiondoi risasi, ila huishika isipande kwa urahisi kwenye mboga, na kweli kila mchicha ulipopimwa risasi ilikuwa imepungua. Kwa haraka ya kutaka tule, akaongeza mbolea ya kuku wa banda kubwa, gunia juu ya gunia, majirani wakiziba pua na kumtania kwamba sasa hapati mchumba, naye akiwajibu kuwa atakayevumilia harufu ile ndiye mume. Kumbe chakula cha kuku wale kilitiwa shaba na zinki, kipimo kilichofuata kikaonyesha madini hayo yamejaa udongoni, na bibi akang'oa kwa mikono yake mchicha uliostawi kuliko wote mtaani, akafunga mlango, akalia. Kesho yake alirudia samadi ya ng'ombe, safari hii kidogo kidogo, miaka ikapita.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, akalazwa, na majibu ya kwamba mboga ni salama yalimkuta kitandani, akaomba asomewe tena, akasema yeye aonje kwanza, watoto baadaye, akaonja, akalalamika chumvi haijakolea. Alifariki alfajiri ya tarehe 12 Juni 2023.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mtaalamu wa udongo, wapishi wenzake, na majirani mliovumilia harufu. Mboga mtakayoandaliwa leo imetoka shambani kwake, kuleni bila hofu.

Pumzika kwa amani, bibi, watoto wanakula.